VPN ya ofisi inagoma kusakinishwa kwenye Ubuntu 24.04: niliyoyapitia mimi

Ndugu, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu linafanana mno na yaliyonikuta mimi mwaka juzi. Umeeleza kwamba ulipandisha mfumo endeshi wa kompyuta yako kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04, kisha ukajaribu kusakinisha upya programu ya VPN (njia salama ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali) uliyopewa na ofisi kama faili la .deb, yaani kifurushi cha kusakinisha programu. Ulipotumia dpkg -i ililalamika kwamba inakosa libwebkit2gtk-4.0-37, maktaba ambayo programu hiyo huitegemea ili ifanye kazi. Ukaambiwa uendeshe apt --fix-broken install, amri ikaisha vizuri bila kosa lolote, lakini programu yenyewe huioni popote. Unauliza imekwenda wapi.

Jibu la swali hilo ni fupi: imeondolewa, na aliyeiondoa ni wewe. Amri ya dpkg -i haitafuti vitu ambavyo kifurushi kinavitegemea. Hufungua kifurushi, ikigundua kuna pungufu hukiacha kimekaa nusu nusu, na ndiyo maana ukiendesha dpkg -l unaweza kukiona kikiwa na alama ya iU badala ya ii. Baada ya hapo apt hukataa kufanya kazi nyingine mpaka mkanganyiko huo uishe. Unapoiambia itengeneze kilichoharibika, nayo haioni kinachotakiwa mahali popote katika hazina zake (maghala ya mtandaoni inakochukua programu), inabakiwa na njia moja tu ya kuurudisha mfumo katika hali ya sawa, yaani kukiondoa kifurushi chako. Huwa inaeleza hivyo kabla ya kukuuliza Y au n, ila sisi wengi tunabonyeza Y huku macho yako kwenye simu.

Kwa hiyo kuanzia sasa tumia amri hii, ukizingatia nukta na mkwaju vinavyotangulia jina la faili, kwa sababu bila hivyo apt itadhani unatafuta kifurushi cha jina hilo kwenye hazina:

sudo apt install ./vpn-ofisi.deb

Faida yake ni kwamba kinachopatikana kitaletwa chenyewe, na kisipopatikana utaambiwa mapema bila kuachiwa uchafu. Kabla hata ya hapo, angalia kifurushi kinadai nini, kisha uulize mfumo kama unacho:

dpkg-deb -f vpn-ofisi.deb Depends
apt-cache policy libwebkit2gtk-4.0-37

Kwenye 24.04 amri ya pili haitakupa toleo lolote la kusakinisha. Maktaba hiyo haimo tena; iliyomo ni libwebkit2gtk-4.1-0. Mtengenezaji wa programu yako alijenga kifurushi chake akilenga matoleo ya zamani, na ulipopandisha mfumo, sakafu aliyoitegemea ikaondolewa chini yake. Hali kama hii ilishawakuta watu kwenye 22.04 pia, pale OpenSSL 3, maktaba ya kusimba mawasiliano, ilipochukua nafasi ya 1.1 na kila kifurushi kilichodai libssl1.1 kikagoma. Kwenye 24.04 kuna la ziada: vifurushi kadhaa vimebadilishwa majina kwa kuongezewa t64, mfano libasound2 ambayo sasa ni libasound2t64, kutokana na maandalizi ya mwaka 2038, ambapo namna ya zamani ya kompyuta kuhesabu saa itaishiwa nafasi. Usishangae ukikuta jina ulilolizoea halipo ilhali kitu chenyewe kipo.

Sasa nikueleze nilivyopoteza siku nzima, ili wewe usiipoteze. Nilikuwa Tanga, ni mwisho wa mwezi, hesabu zinatakiwa ziingizwe kwenye seva iliyoko makao makuu, na mtandao wangu ulikuwa bando la simu. Nilianza kwa kulazimisha: dpkg -i pamoja na --force-depends. Ikoni ikatokea kwenye menyu, nikafurahi. Nikaibonyeza, kimya. Nikaibonyeza tena, kimya. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo lingefaa kuwa la kwanza kabisa, nalo ni kuendesha programu kutoka kwenye terminali badala ya ikoni, kwa sababu ikoni haina mdomo wa kueleza imekwama wapi. Terminali ikanijibu papo hapo kwamba libwebkit2gtk-4.0.so.37 haifunguki, faili hakuna.

Hapo nikajiona mjanja. Nilikuwa na 4.1 ndani ya kompyuta, basi nikatengeneza kiungo chenye jina la 4.0 kinachoelekeza kwenye 4.1. Programu ikaanza, ikaonyesha dirisha kwa nusu sekunde, ikafa, ikiacha ujumbe kwamba libsoup2 na libsoup3, matoleo mawili ya maktaba ya mawasiliano ya wavuti, haziwezi kutumika pamoja ndani ya mchakato mmoja. Nilipofuatilia nikaelewa kwamba tofauti ya 4.0 na 4.1 haiko kwenye tarakimu pekee. Toleo la 4.0 limejengwa juu ya libsoup2 na la 4.1 juu ya libsoup3, na programu yangu ilikuwa ikiiita libsoup2 moja kwa moja. Namba iliyo kwenye jina la maktaba ni mapatano kati ya maktaba na programu inayoitumia. Kubadilisha jina la faili ni kughushi sahihi ya mapatano hayo. Tangu siku ile kiungo cha namna hiyo sikitengenezi, na nikiona mtu anakishauri hupita kimya kimya.

Wapo watakaokushauri uongeze hazina ya 22.04 kwenye 24.04 ili uichukue maktaba ya zamani. Mara nyingine hufanikiwa. Mimi siipendi njia hiyo, kwa kuwa unachanganya matoleo mawili ya mfumo kwa ajili ya programu moja, na utakayesumbuka siku ya kupandisha toleo tena ni wewe. Ama kuokota libssl1.1 kwenye kurasa za ovyo, hilo ni baya zaidi: msaada wa bure wa OpenSSL 1.1.1 ulikoma Septemba 2023, nawe unataka kuipa kazi ya kulinda mawasiliano ya ofisi.

Kilichoniokoa ni swali moja nililomuuliza kijana wetu wa TEHAMA kwa simu: seva yetu inatumia itifaki gani, yaani kanuni gani za mawasiliano? Nilikuwa nimeshikilia programu ya mtengenezaji kana kwamba bila hiyo mlango haufunguki, kumbe mara nyingi programu hiyo ni ufunguo mmojawapo tu. Kama seva yenu ni OpenVPN, kifurushi cha network-manager-openvpn-gnome kimo kwenye hazina, na faili la .ovpn utaliingiza kupitia mipangilio ya mtandao au kwa amri ya nmcli. Angalia usisahau hilo neno gnome mwishoni, maana bila hilo VPN yaweza kufanya kazi kwa amri lakini dirisha la mipangilio halitakuonyesha sehemu ya kuijaza. Kama ni WireGuard, imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Kama ni ya aina ya AnyConnect, GlobalProtect, Fortinet na nyingine chache za kundi hilo, kuna OpenConnect:

sudo apt install network-manager-openconnect-gnome
sudo openconnect --protocol=gp anwani-ya-seva

Badala ya gp utaweka itifaki utakayotajiwa. Yangu ilikubali kwa jaribio la kwanza, jambo lililoniudhi kuliko kunifurahisha, nikikumbuka saa zilizopotea. Angalizo ni kwamba kama ofisi yenu huwapitisha kwenye ukurasa wa wavuti wenye uthibitisho wa hatua mbili, njia hii huhitaji kazi zaidi, na ni vema umwombe mtu wa TEHAMA akuelekeze. Hakikisha naye pia kwamba huvunji utaratibu wowote. Ofisi nyingine hutaka programu yao pekee kwa sababu hukagua kompyuta kabla ya kuiruhusu kuingia.

Nikadhani yameisha. Nikaiondoa ile programu niliyoilazimisha, nikawasha upya kompyuta, na intaneti yote ikawa imekufa, VPN au hakuna VPN. Nililaumu kampuni ya simu, nikanunua bando jingine, bado. Baadaye ndipo nilipojaribu ping 8.8.8.8, yaani kuigusa seva ya Google kwa namba badala ya jina, ikaitika vizuri kabisa. Yaliyokuwa hayafunguki ni majina tu. Chanzo kilikuwa /etc/resolv.conf. Kwenye Ubuntu faili hilo ni kiungo kinachoelekeza kwa systemd-resolved, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, lakini ile programu, katika nusu sekunde zake za uhai au wakati wa kusakinishwa, ilikuwa imekifuta na kuweka faili lake lenye anwani za seva za ofisi, na ilipoondoka haikurudisha kitu mahali pake. Angalia kwako kwa ls -l /etc/resolv.conf. Usipoona mshale, rudisha hivi:

sudo ln -sf ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Kwa kuwa na wewe umesakinisha na kuondoa mara kadhaa, ningeanza na hilo kabla ya kugusa kitu kingine. VPN ikishaunganika, resolvectl status itakuonyesha kama tun0 (kiunganishi cha mtandao kinachotengenezwa na VPN) imepewa seva yake ya majina. Isipopewa, utafikia mashine za ofisi kwa namba lakini si kwa majina.

La mwisho linawahusu wanaotumia mtandao wa simu kama mimi. Ikiwa VPN imeunganika, ping inarudi, lakini ukurasa wa mfumo wa hesabu unaning'inia bila kumaliza, shuku ukubwa wa pakiti. Jaribu ping -M do -s 1272 kuelekea mashine ya ndani ya ofisi. Hizo 1272 pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1300. Ikipita na kubwa zaidi zikikwama, amri ya sudo ip link set dev tun0 mtu 1300 yatosha kwa muda huo (mtu hapa ni kifupi cha Kiingereza cha ukubwa wa juu wa pakiti).

Ikiwa ofisi itasisitiza programu yao na mtengenezaji hana kifurushi cha 24.04, basi weka 22.04 ndani ya mashine pepe kwa kazi hiyo tu. Toleo hilo bado lina masasisho ya usalama hadi 2027. Kwa sasa tuwekee hapa majibu ya dpkg-deb -f na ls -l niliyoyataja, pamoja na itifaki utakayoambiwa na watu wa TEHAMA, ukifuta kwanza anwani ya seva yenu, nami nitaangalia jioni nikitoka kazini.