Unataka Kiingereza? Chukua mji mmoja na majengo yake

Watu wanaofika Kampala kutoka Bukavu, Uvira au Bujumbura huniuliza swali lilelile: nianze na kitabu gani cha Kiingereza? Siku hizi nawaambia kitabu kisubiri kidogo, wachukue mji. Mji mmoja mkubwa, wenye majengo yanayojulikana na historia iliyoandikwa sana, waujue mpaka waweze kumsimulia mtu kwa Kiingereza bila kuchungulia karatasi.

Sababu yangu ni ya mtaani. Hapa Kampala unaweza kukaa mwaka mzima bila kulazimika kusema Kiingereza kirefu. Sokoni ni Kiganda, nyumbani na kwenye maombi ni Kiswahili, na konda wa teksi ukimwambia "maaso awo" (hapo mbele) anakushusha. Kiingereza kinakungoja ofisini, kliniki, kwenye usaili wa kazi na kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Ukifika huko salamu zinakwisha upesi, kisha kimya. Maneno ya darasani unayo, lakini huna jambo la kulisema kwa sentensi kumi mfululizo.

Historia ya mji inakupa hilo jambo. Jengo lina mtu aliyelijenga, mwaka, fedha zilizoisha katikati, moto, vita, mfalme aliyekufa kabla kazi haijakamilika. Ndani ya kisa kimoja umepata wakati uliopita, tarehe, namba na majina ya kazi. Na anayekusikiliza atakuuliza kitu. Jaribu kumtajia mtu orodha ya vitenzi uone kama atakuuliza chochote.

Anzia unapoishi, hata kama moyo wako uko Toronto. Mimi hupenda kuwapeleka wenzangu kwenye Msikiti Mkuu wa Taifa pale Old Kampala, wawe Waislamu au la. Kuna waongozaji wanaosimulia historia ya mahali hapo kwa Kiingereza kila siku, kwa hiyo wameizoea, wanaisema kwa mpangilio na hawakimbii. Akina mama hupewa kitambaa cha kujifunga na mtandio kabla ya kuingia. Kilima chenyewe ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome ya kampuni ya Waingereza mwaka 1890. Msikiti ulianza kujengwa 1972, wakati wa Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukamalizwa kwa fedha za Libya, ukafunguliwa 2007.

Ukipanda mnara unaona mji wote. Safari moja tulikuwa na dada mshonaji kutoka Uvira, anayefanya kazi Katwe, mtu ambaye darasani hafungui mdomo. Juu kule akamuuliza mwongozaji, "Who builded?" Yule kijana hakumcheka wala hakumsahihisha. Alijibu tu, "It was built by..." akaendelea na kisa. Dada akasogea dirisha la pili, akanyoosha kidole kuelekea kilima cha Rubaga: "And that one, was built by who?" Kisha Namirembe. Kisha Mengo. Mwongozaji akalazimika kuzunguka naye dirisha kwa dirisha, sisi wengine tukafuata nyuma. Kanisa kuu la Rubaga lilikamilika 1925. Ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo ilishambuliwa na jeshi la serikali mwaka 1966, Kabaka Mutesa II akakimbilia London na kufia huko 1969. Upande wa Kasubi kuna makaburi ya Makabaka wanne. Nyumba kubwa ya nyasi iliteketea Machi 2010, ikajengwa upya. Was built, was attacked, was burnt, was rebuilt.

Hapo ndipo penye ugumu wetu sisi wa Kiswahili. Kwetu unachomeka herufi moja ndani ya kitenzi na mambo yamekwisha: jenga, jengwa. Kiingereza kinadai vipande viwili, na kile cha pili hubadilika kinavyotaka chenyewe. Jedwali la vitenzi hivyo nimeona watu wakilikariri na kulisahau ndani ya wiki. Yule dada hajawahi kurudia "builded".

Baada ya Kampala, nenda London, na uende kwa kupitia Namirembe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi hurukia London kwa picha za Big Ben na daraja, wakabaki na majina matupu. Kanisa kuu la Namirembe ni la Mtakatifu Paulo. Kanisa kuu maarufu la London nalo ni la Mtakatifu Paulo. Yote mawili yana historia ya kuangamia na kujengwa upya, na ukiyaweka sambamba umepata zoezi la miezi.

Namirembe: kanisa moja la mwanzo liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Lililofuata baadaye, la matofali, lilipigwa na radi likaungua 1910. Lililopo leo lilikamilika 1919. London: usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, moto ulizuka kwenye tanuri la mwokaji mikate aitwaye Thomas Farriner, katika kichochoro cha Pudding Lane. Nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana, upepo ulikuwa mkali. Ndani ya siku nne nyumba zipatazo 13,200 ziliteketea pamoja na makanisa 87 ya parokia, na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo nalo likaungua. Mbunifu Christopher Wren alipewa kazi ya kulijenga upya. Ujenzi ulianza 1675 na ukachukua zaidi ya miaka 30. Karibu na pale moto ulipoanzia wakasimamisha nguzo ya ukumbusho yenye ngazi 311, nayo hupandwa mpaka leo.

Sasa fanya kazi. Simulia la Namirembe peke yake, kisha la London peke yake, kisha yalinganishe: lipi kubwa, lipi lilichukua muda mrefu zaidi, lipi liliharibiwa na upepo na lipi halikuharibiwa na upepo. Older, bigger, longer than, both, but. Mtu aliyewahi kusimama Namirembe na kutazama mji chini yake ana picha kichwani, hahitaji kubuni. Kwa London atatumia video na picha za simu. Tofauti hiyo nayo inafaa: la kwanza unalieleza kama shahidi, la pili kama msomaji, na Kiingereza kinasikika tofauti.

Kama unadhani kuieleza London kwa macho ya mtu wa huku ni mchezo wa watoto, kumbuka safari ya 1902. Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Akasafiri na katibu wake, Ham Mukasa. Walipofika mfalme aliugua, akapasuliwa, sherehe ikasogezwa kutoka Juni hadi Agosti, kwa hiyo wageni wakapata muda wa kuitazama Uingereza. Mukasa aliandika aliyoyaona kwa Kiganda, na maandishi yake yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1904. Alikuwa akiwaeleza watu wa nyumbani vitu ambavyo hawajawahi kuviona. Kwangu hilo ndilo zoezi bora kuliko yote: chagua jengo la London, mweleze jirani yako wa Nsambya kwa Kiingereza chako, ukitumia vitu anavyovijua kupimia. Ghorofa hii ni ndefu kuliko mnara wa Old Kampala au la? Mto ule ni mpana kiasi gani?

Namba zisemwe kwa mdomo tangu siku ya kwanza. Tuliosoma kwa Kifaransa tunapenda kutaja mwaka mzima na elfu yake, wakati Waingereza hukata katikati: sixteen sixty-six, nineteen oh two. Wafalme nao: huandikwa Edward VII, husomwa "Edward the Seventh". Na saa! Ukiambiwa jumba la makumbusho linafunguliwa "ten o'clock" usifike saa kumi. Ni saa nne asubuhi. Nimewaona watu wazima wakigombana mlangoni kwa jambo hili.

Kuhusu maandishi ya kusoma, Wikipedia ina toleo la Kiingereza chepesi, sentensi fupi, na miji mikubwa yote imo. Soma aya moja, funga simu, kisha jirekodi ukiisimulia. Sikiliza, rekodi tena. Mtumie rafiki kwa WhatsApp akujibu kwa swali moja, kwa sauti vilevile. Bando la sauti ni dogo kuliko la video, na aibu ni ndogo kuliko ya kusimama darasani. Kuanza na usomaji kwa Kiswahili au Kifaransa si dhambi. Ukishajua kisa kinaendaje, masikio yanapata nafasi ya kushika lugha.

New York usianze na yale maghorofa. Anza na Daraja la Brooklyn. Mhandisi John Roebling alipondwa mguu na kivuko mwaka 1869 akiwa anapima mahali pa kulijenga, akafa kwa pepopunda. Mwanawe Washington akachukua kazi, naye akaugua vibaya kutokana na hewa yenye shinikizo kule chini ya mto walikokuwa wakichimba misingi. Mke wake, Emily, akawa ndiye anayepeleka maagizo kwa mafundi, akajifunza mahesabu ya uhandisi, mpaka daraja likafunguliwa 1883. Kisa hiki akina mama wa kundi letu hawakiachi, na hubishana kwa Kiingereza kibovu chenye moto: nani alilijenga hasa? Mimi huwaacha wabishane.

Chicago ina moto wa Oktoba 1871 na ng'ombe wa Bi O'Leary aliyesingiziwa kupiga teke taa. Inafaa kwa kujifunza kusema "it is said that" na "it was never proved". Sydney ina Opera House na mbunifu wake Jørn Utzon, Mdenishi aliyeiacha kazi 1966 kwa ugomvi na serikali, jengo likafunguliwa 1973 yeye hayupo, na hakurudi kuliona. Paris iacheni, mnaijua kwa Kifaransa na mtarudi kwenye Kifaransa.

Kitu kimoja nisichokipendekeza ni kurasa za watalii zinazosema kila jengo ni la ajabu, la kupendeza, la kukatisha pumzi. Ukimaliza kusoma kumi za namna hiyo una sifa nyingi na huna kisa hata kimoja. Video zenye muziki na picha za droni bila mtu kuzungumza nazo zinamaliza bando bure. Lafudhi ya London pia msihangaike nayo. Kiingereza cha Uganda kinaeleweka, na ndicho mtakachosikia kazini kesho.

Kwa wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, sehemu ya pili ya mazungumzo hukupa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga, kisha unaongea peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Mada ya mahali au jengo unalolijua hujitokeza mara kwa mara. Msimulie mtahini Namirembe, pamoja na radi ya 1910. Mtakatifu Paulo wa London huenda ameshamsikia kwa wengine asubuhi hiyohiyo.