Lebo kwa penseli: kwa wanaoanza utafiti wa wadudu hapa Nairobi

Ninalo sanduku la chupa ndogo ambalo mpaka leo sijapata moyo wa kulitupa. Ndani yake mna viwavi wa msimu mzima wa mahindi, wamehifadhika vizuri kwenye ethanoli, na hakuna hata mmoja ninayeweza kusema alitoka shamba gani wala siku gani. Lebo niliziandika kwa biro. Nilikata karatasi, nikaitumbukiza kila moja ndani ya chupa yake, nikafunga, nikapanda matatu kurudi chuoni Kabete huku nikijiona mtafiti kamili. Wiki mbili baadaye nilifungua sanduku nikakuta wino wote umeyeyuka, ethanoli imekuwa samawati na karatasi zimebaki nyeupe pe.

Kwa hiyo wewe uliyeanza uzamili mwaka huu ukapewa wadudu waharibifu, anza na penseli. Penseli ya kawaida tu, na karatasi nzito. Lebo iingie ndani ya chupa, maana ya nje hubanduka. Andika mahali, zao, tarehe na aliyekusanya, na uandike ukiwa umesimama pale pale shambani. Ukisema utaandika ukifika maabara, utakuwa umechoka, na chupa zote zinafanana.

Wengi wenu mtapewa kiwavijeshi vamizi, kwa kuwa ndiye aliyetawala mazungumzo tangu aripotiwe Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuingia Kenya 2017. Mjue kwa sura kabla ya kumjua kwa makala. Kiwavi mkubwa ana alama kama Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba. Wadogo hawaonyeshi hayo vizuri, ndiyo maana lenzi ya mkononi haitoki mfukoni. Nenda mapema. Jua likipanda, huzama ndani ya moyo wa mhindi, nawe utahesabu majani yaliyotoboka ukidhani umehesabu viwavi. Jani lililochanika ni habari ya juzi. Kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao uliolowa ndicho kinachokuambia mwenyewe bado yumo.

Na ukifungua mhindi ukakuta hamna kitu, andika sifuri. Usiache nafasi wazi kwenye daftari. Miezi sita baadaye hutakumbuka kama ile nafasi ilimaanisha hakuna kiwavi, au mvua ilinyesha ukakimbilia chini ya mwembe.

Kuwafuga ni kazi nyingine. Mwenzangu mmoja aliweka viwavi 20 kwenye kopo moja Ijumaa jioni akaenda zake nyumbani. Jumatatu alikuta watatu, wanene ajabu. Hawa hulana, kwa hiyo kila mmoja apewe kikopo chake, na jani jipya kila siku, Jumapili ikiwemo. Ukiwafuga hivyo ndipo utaona lililo tamu zaidi katika kazi hii: siku moja kiwavi anadhoofika, na badala ya nondo anatoka nyigu mdogo kuliko mbu. Hapo usitupe chochote. Huyo nyigu aliwekwa na mama yake mwilini mwa kiwavi akiwa yai, na huenda ndiye jibu la swali lako zima. Wala si ndoto za maabara tu: nyigu aitwaye Diadegma semiclausum aliletwa kutoka Taiwan na kuachiliwa Taita mwaka 2002 ili kupambana na nondo wa kabeji, yule anayetoboa sukuma wiki yetu.

Vitabu vitakuambia mdudu huyu wa mahindi humaliza mzunguko wake kwa siku kama 30. Hiyo ni kwenye joto. Kabete iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai hapa Nairobi unaijua. Kila kitu hujikokota, na ratiba uliyomwonyesha msimamizi wako huanza kuchekesha. Weka kipimajoto mahali unapofugia, na usome namba zake mwenyewe kila siku.

Sasa wakulima. Nilikuwa na ploti za majaribio kwa mama mmoja kule Dagoretti, wa rika la mamangu. Baadhi zilipuliziwa dawa, nyingine ziliachwa bila kitu ili tulinganishe. Wiki ya tano, zile zisizopuliziwa zikaanza kupendeza kuliko zote. Nilifurahi, nikaanza hata kutunga maelezo kichwani. Kisha nikaona chupa tupu ya dawa kando ya ua.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mwanangu. Niliona hayo mahindi yako ya huku yanaliwa, na wewe hukuja siku nne. Nikakuhurumia."

Ungesema nini? Nilikunywa chai aliyonitengea, nikarudi kuanza upya. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemweleza mahali pa kupuliza, lakini sikumweleza kwa nini tunaacha mahindi mengine yaliwe, wala sikumhakikishia kwamba hasara ya ploti hizo nitamlipa mimi. Mtu aliyelima maisha yake yote hawezi kutazama mhindi ukiliwa akakaa kimya. Siku hizi hilo la fidia nalisema kabla jembe halijagusa udongo, na kila nikifika swali langu la kwanza baada ya salamu ni: mmepuliza nini tangu nije? Namwomba anionyeshe chupa yenyewe, kwa sababu jina lililo mdomoni na lililo kwenye lebo mara nyingi ni vitu viwili.

Kuhusu takwimu nitasema moja tu, kwa kuwa ndilo lililonitoa jasho siku ya kutetea tasnifu. Ukihesabu mimea 40 ndani ya ploti moja, hujapata marudio 40, yaani hujarudia jaribio lako mara 40. Umepata moja. Ploti ndiyo iliyopewa dawa, na mimea iliyomo ni majirani wanaokunywa maji yale yale. Na mashamba ya huku yana mteremko: chini kuna rutuba na unyevu, juu pamekauka. Gawa vitalu vyako, yaani makundi ya ploti, kukingama na mteremko, ili kila kitalu kiwe na hali moja na kila dawa ipate nafasi ndani yake. Mwone mtu wa takwimu kabla ya kupanda. Ukimpelekea data ya mwisho wa msimu atakuambia tu ugonjwa uliokuua.

Msijifungie chuoni pia. Kule Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika. Watafiti wake, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza, ndio waliotuletea mbinu ya sukuma-vuta: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ikipandwa katikati ya mahindi humfukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, na nyasi za nepia pembezoni humvuta. Kilichonivutia mimi ni kwamba desmodiamu hiyo hiyo hudhibiti kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na ng'ombe huila. Mkulima mwenye ng'ombe wawili atakusikiliza ukianzia kwenye lishe. Ukianzia kwa nondo, atakutazama tu kwa adabu.

Makaratasi yana mwendo wake. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiombwe kabla ya kukusanya data, na kama mradi unahitaji mdudu hai kutoka nje ya nchi, hilo ni la KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, na halina njia ya mkato. Mvua za vuli huanza Oktoba. Anayetaka msimu huo, Agosti iwe imemkuta na kibali mkononi, mbegu kabatini, na amekwisha kunywa chai ya mkulima mara mbili tatu.