Umesema mkeo haelewi, mimi namwona anaelewa sana

*Shangazi shikamoo. Niko mwaka wa pili chuo nasomea programu, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, inachukua dakika kumi kuwaka. Nataka MacBook Pro, ni nzuri, skrini kali, betri inakaa, wenzangu darasani wanazo na maisha yangu ya kazi yanategemea hii. Mke wangu ananing'ang'aniza laptopu iliyotumika maofisini, zito kama tofali, kaniandikia hadi kwenye karatasi eti chipu ya Intel i5 kizazi cha 8, RAM 16GB, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) 256GB. Tangu niende kuweka kitu kidogo dukani wanishikie ile MacBook hatuongei vizuri. Mke asiyeelewa teknolojia nimsaidieje?*

Marahaba mwanangu. Pole, mashine ikiganda usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi mtu unaweza kulia kabisa. Pole yenyewe ndo hiyo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kuna sehemu umepita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Eti "kuweka kitu kidogo dukani". Kidogo kiasi gani? Kimetoka wapi? Mkeo alijua kabla au baada? Hujasema hata kimoja, na mimi nimekaa na barua za watu miaka mingi, mtu anachokiruka ndicho kinachomuuma. Naamini hiyo hela imetoka kwenye akiba yenu nyote wawili na mwenzio kaja kujua imeshatoka. Kama ni hivyo basi hamjagombana kwa sababu ya laptopu, mmegombana kwa sababu umemfanya mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Halafu hilo la kusema haelewi teknolojia, hapo umenikera. Hebu iangalie tena hiyo karatasi. Kizazi cha 8 hakikuandikwa kwa kubahatisha, Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali kuanzia hapo hapo, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya bure ya kawaida tangu Oktoba 14, 2025, kwa hiyo anayenunua mashine ya zamani zaidi ya hapo anajitafutia shida. RAM 16GB nayo ndo kitu cha kwanza mwandika programu anatakiwa akiangalie. Mtu ambaye sio fani yake hajui hayo mpaka atoke akaulize mafundi, arudi nyumbani, aandike. Mkeo amefanya hiyo kazi kwa ajili yako, na wewe jibu ulilompa ni tofali.

Na wewe mwenye fani umeniandikia nini? Skrini, betri, wenzangu wanazo. Barua nzima hujaniambia unaandika programu gani! Yani hapo ndipo pa kuanzia, kazi kwanza halafu mashine. Kama unajifunza Python, JavaScript, unatengeneza tovuti, unacheza na hifadhidata, hiyo ya mkeo inakutosha mpaka umalize chuo na chenji inabaki. Kama unatengeneza programu za simu za Android, ile emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, ikiwaka 8GB inahema, 16GB inapumua, na mkeo kakuandikia 16. Kama ni mambo ya akili bandia, mafunzo mazito watu wengi wanayaendesha kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni, sio mapajani kwao.

Sababu moja tu ingenifanya nikae upande wako, nayo ni kama unatengeneza programu za iPhone, kwa sababu Xcode, ndo programu ya kuzitengenezea hizo, inakaa kwenye Mac tu. Hapo ni kweli Mac inahitajika, na hata hapo MacBook Air inatosha mwanafunzi, sio lazima Pro. Ila sijaliona hilo neno iPhone popote kwenye barua yako, na ungekuwa nalo ungelitanguliza.

Simaanishi MacBook mbaya. Ni mashine nzuri, tangu chipu za M1 za mwaka 2020 betri yake inasifiwa na inastahili. Lakini RAM yake ukishanunua umenunua, huwezi kuongeza kesho, kwa hiyo mtu anayejikamua anaishia kuchukua ile ndogo kuliko zote ili apate jina, halafu mwaka wa tatu anaanza kubanwa. Zile laptopu za maofisini nyingi unafungua mfuniko wa chini unaongeza RAM, unabadilisha diski, kibodi ikifa unaweka nyingine. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Sasa niseme kuhusu ndoa zenu za siku hizi maana huu ugonjwa nauona kila wiki. Mtu ananunua kwanza halafu ndo anakuja "kushauriana". Hayo sio mashauriano, ni kutangaza. Mwanamke akinyamaza mnasema ana kisirani, akiongea mnasema haelewi ndoto zangu. Ndoto gani ya baba wa mtoto mmoja ambayo mama wa mtoto hajaonyeshwa? Mwanaume anakaa kwenye skrini hadi saa nane usiku, mwenzie hajui kama anasoma au anachati, halafu anashangaa akiombwa maelezo ya hela. Wanawake nao wapo wanaoficha hivyo hivyo, nawajua na nawaambia, ila leo barua ni yako.

Kwa hiyo nenda dukani kaombe hela yako urudishiwe. Wakikata kidogo kubali, hiyo ndo gharama ya haraka. Hiyo laptopu ya karatasi nendeni kuiangalia wote wawili, iwashe uitumie walau saa nzima, bonyeza kila kitufe, chomeka kila tundu, angalia afya ya betri, na uhakikishe haijafungwa nywila ya BIOS (ile programu ya ndani inayoamsha mashine) na ofisi ilikotoka, maana hiyo inawaliza wengi. Hiyo ya zamani usiitupe, kama bado inazunguka na diski ya kizamani wekea SSD na uipe Linux nyepesi badala ya Windows, utashangaa inavyofufuka, mtoto ataikuta.

Lakini kabla ya yote hayo, leo usiku mtoto akilala, mwambie mkeo kiasi kamili ulicholipa, usipunguze hata kidogo. Usimweleze RAM, usimweleze M ngapi. Mwambie kiasi, mwambie samahani, halafu mfungulie hiyo laptopu mbovu umwonyeshe kitu ambacho umekiandika kwa mkono wako mwaka huu, hata kama ni kidogo na kinakwama kwama. Na kama hakipo cha kumwonyesha, mwambie hivyo hivyo kwamba hakipo. Kisha niandikie alichokujibu.