Nafasi ni ya kifaa kimoja: mimi naweka sufuria ya presha

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: kaunta ya jikoni ina nafasi ya kifaa kimoja tu cha umeme, utaweka kipi? Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, kwa hiyo najua wapenzi wa maikrowevu wataitetea maikrowevu, na walionunua kikaango cha hewa (air fryer) hivi karibuni hawatasikia la mtu. Mimi naweka sufuria ya presha ya umeme. Naomba nieleze nilivyolifikia jibu hilo, maana mwenye oveni nzuri na mwenye jiko la pleti mbili wanasoma swali moja lakini shida zao haziko sawa.

Tuanze na nafasi yenyewe. Watu wengi hupima upana wa kifaa, wakaona kinaenea, wakalipa. Kaunta za kawaida zina kina cha sentimita 60 hivi, na kutoka kaunta hadi kabati la ukutani hubaki kama sentimita 45 au 50. Humo kifaa chochote kitaenea kikiwa kimezimwa. Kasheshe huanza kikiwa kazini. Kikaango cha hewa kinapuliza hewa ya moto kwa nyuma, kwa hiyo hakiwezi kusukumwa kikagusa ukuta. Droo yake inavutwa mbele, na lile kapu likishatoka na moto wake lazima lipate pa kutua. Kifaa chenye upana wa sentimita 30 kimeshakula sehemu mbili za kaunta: pale kilipo, na pale kapu linapowekwa wakati unapakua. Maikrowevu nayo ina mlango unaofunguka upande mmoja, karibu kila mara kushoto. Ukiiweka kwenye kona ya kushoto, mlango unagonga ukuta katikati ya safari na sahani ya supu haipiti.

Ndiyo maana naona kipimo cha kuaminika kuliko futikamba ni boksi la karatasi. Tafuta boksi lenye vipimo vya kile unachokitamani, liweke pale pale litakapokaa, kisha pika wiki nzima likiwepo. Usilisogeze. Ukiona kila jioni unalihamishia juu ya friji ili upate pa kukatia kitunguu, umeshapata jibu na pesa yako bado iko mfukoni.

Lakini kaunta ni uhaba mmoja tu. Kwenye jiko la pleti mbili, uhaba unaouma zaidi ni wa pleti. Sufuria ya maharage ikikalia pleti moja kwa saa moja na nusu, chakula kingine chote kinasubiri foleni kwenye pleti iliyobaki. Uhaba wa tatu ni soketi. Mahali penye umeme wa volti 230, waya wa ekstensheni wa ampea 13 unabeba takribani wati 3,000, basi. Birika la umeme peke yake hula wati 2,000 hadi 3,000. Kikaango cha hewa hula kama 1,500. Ukiviwasha pamoja kwenye ekstensheni hiyo moja umepita kiwango, na waya unaopata moto kila siku nyuma ya kabati ni jambo ambalo mtu halioni mpaka anuse harufu ya plastiki.

Kwa mizani hiyo, kila kifaa nakiuliza kinanifungulia nini. Kinaniachia pleti? Kinaniachia nafasi ya kuondoka jikoni? Kama kinafanya kile ambacho pleti yangu inafanya vizuri, na bado nasimama nakilinda, kazi yake ni kunipunguzia kaunta.

Sufuria ya presha ya umeme inapita mtihani huo bila kusukumwa. Kwenye sufuria ya kawaida maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hata uongeze moto namna gani. Unachoongeza ni mvuke unaopotea. Ukiufungia mvuke ndani, kiwango cha kuchemka kinapanda. Sufuria za presha za jikoni hufika nyuzi 115 hadi 120 hivi, na nyuzi hizo chache zinatosha kulainisha nyama ngumu na nafaka kavu kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Kwa anayeishi mwinuko mkubwa faida ni maradufu: kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage huko hukataa kuiva hata kuni zikiisha. Wazo lenyewe ni la kale. Denis Papin, Mfaransa, alionyesha chungu chake cha mvuke mwaka 1679, kikiwa na vali ya usalama. Toleo la umeme limeongeza kipima joto na saa: presha ikishafika, kifaa kinawaka na kuzima chenyewe, nawe unaweza kuwa chumba kingine unamsaidia mtoto kazi za shule. Hilo la kuondoka ndilo lililoamua kura yangu.

Sasa nisiipambe kupita kiasi. Dakika zinazoandikwa kwenye vijitabu vya mapishi ni za kupika tu. Hazihesabu muda wa kupandisha presha, ambao hufika dakika 10 au 15 sufuria ikiwa imejaa, wala muda wa kuishusha polepole. Chakula cha "dakika 8" kinaweza kukufikia baada ya nusu saa, na mgeni amekaa. Huwezi kuonja katikati. Huwezi kuijaza hadi juu: theluthi mbili ndiyo mwisho, na kwa vitu vinavyotoa povu kama kunde na maharage, nusu. Pete ya silikoni ya kwenye kifuniko hushika harufu ya viungo na haiachi kirahisi. Wanaopika vitamu na vya chumvi humo humo wanunue pete ya pili. Haikaushi kitu wala haifanyi kitu kiwe na ukoko. Tena kuna mvuke. Ukifungua vali ya sufuria iliyo chini ya kabati la ukutani, mvuke wote unapiga tumbo la kabati, na mbao za kubandika zikishakunywa maji kwenye kingo huvimba, rangi inainuka kama ngozi iliyoungua, na hakuna fundi wa kulirudisha kama lilivyokuwa. Ivute sufuria hadi ukingo wa kaunta, mahali ambapo juu yake hamna kitu, ndipo uachie vali.

Kuna watakaouliza kwa nini nisichukue ile sufuria ya kupika polepole, ambayo mara nyingi ni nafuu na haina vitisho vya presha. Kwa sababu inakaa kaunta mchana kutwa, na kwa sababu ya maharage mekundu makavu. Yana sumu ya asili, aina ya lektini, inayovunjwa na mchemko wa kweli. Sufuria ya polepole inaweza isifike joto hilo, ukala maharage laini kabisa na ukashinda unatapika. Anayeitumia ayaloweke usiku, amwage maji yale, ayachemshe kwa nguvu nusu saa kwenye sufuria ya kawaida, ndipo ayahamishie humo. Yaani pleti bado inahitajika.

Maikrowevu ndiyo mpinzani ninayemheshimu. Kwa nyumba ambayo kila mtu anarudi saa yake na anakula kilichopikwa jana, achana na jibu langu, chukua maikrowevu. Hakuna kinachopasha sahani moja haraka na kwa fujo kidogo kama hiyo. Udhaifu wake ni kwamba inapasha maji yaliyomo ndani ya chakula, kwa hiyo juu ya chakula hapapandi sana kupita nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia tunayoipenda kwenye mkate na nyama huanza kuja vizuri kwenye nyuzi 140 hivi. Ndiyo maana mkate hutoka humo umelegea. Jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalisemi: pima sahani yako kubwa kuliko zote. Kisahani kinachozunguka kwenye maikrowevu ya lita 20 kina upana wa sentimita 25 hivi, na sahani nyingi za chakula zina 27. Itaingia ndani, kisha itakwama kwenye kuta na kugoma kuzunguka, upande mmoja uunguze na mwingine uwe baridi. Tushukuru lakini kwamba imesinyaa. Ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, baada ya Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon kugundua kwamba mawimbi ya maikrowevu hupasha chakula, ilikuwa ndefu kama mtu na nzito zaidi ya kilo 300.

Kikaango cha hewa nitakiongelea kifupi kwa sababu jina lake limekipa sifa isiyo yake. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Kinapata moto haraka kwa sababu tumbo lake ni dogo, na kwa mtu mmoja au wawili asiye na oveni ni kifaa kizuri sana. Mwenye oveni ya feni tayari analipia upesi, na kaunta yake ndiyo inayolipa zaidi. Familia ya watu watano itapika kwa awamu mbili au tatu, chakula cha kwanza kishapoa cha mwisho kikiiva.

Birika la umeme mimi nalitoa kabisa, hapo najua nitagombana na wengi. Kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji umeme kama kilowati-saa 0.1, na birika la wati 2,000 linamaliza kwa dakika tatu hivi. Ni kweli jiko la gesi halilifikii, maana zaidi ya nusu ya joto la gesi hupanda pembeni mwa sufuria na kupotea. Ila mwenye jiko la indaksheni, lile linalopasha chuma cha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, anapata karibu kasi ile ile kwa sufuria yenye kifuniko. Na jiko la indaksheni la pleti moja, likiwa bapa, unalisimamisha wima kando ya kabati ukimaliza. Hilo lingeweza kuniangusha kwenye jibu langu kama sharti la swali lisingekuwa kitu cha kukaa kaunta. Kabla ya kulinunua, pita na sumaku kwenye sufuria zako: isiponasa chini, sufuria hiyo haitapata moto humo.

Vipi zile mashine za "kazi saba kwa moja"? Ni kama fundi mmoja mwenye ujuzi saba, mikono yake bado ni miwili. Bakuli ni moja. Ikipika wali haiwezi wakati huo huo kupika mchuzi, na vyote viwili vinatakiwa mezani saa moja. Hesabu zile tu unazozihitaji kwa nyakati tofauti. Kwangu zilibaki kupika kwa presha na kutengeneza mtindi, usiku wakati kaunta haina kazi. Zile tano nyingine za kubandika, kama kifuniko cha kukaangia kinachouzwa pembeni, hugeuka mzigo unaohitaji kabati lake.

Wasomaji wanaopenda historia watamkumbuka Margarete Schütte-Lihotzky, mbunifu wa Austria, na jiko alilolibuni Frankfurt mwaka 1926. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, likawekwa kwenye nyumba takribani 10,000. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani, vyakula vikavu vilikaa kwenye droo zenye mdomo wa kumiminia, na meza ya kukatia ilikuwa dirishani penye mwanga, wazi. Alichukua mafunzo kwa jikoni za mabehewa ya treni, ambako wapishi wachache hulisha watu wengi ndani ya kichochoro. Sehemu ya kukatia ndiyo aliyoilinda. Leo sehemu hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kukaliwa na tosta.

Mkija kuuliza kuhusu kifaa cha pili, mimi nitachagua blenda ya mkono, ile inayozamishwa kwenye sufuria. Inasaga supu ndani ya chombo kile kile ilimopikwa na inalala kwenye droo pamoja na miko. Anayesaga vitu vikavu haitamfaa. Huyo atafute mashine ya kukatakata, na kabla ya kulipa aombe amwagiwe mezani visu na visahani vyake vyote aone vitakavyokaa wapi.