Kuku wangu walivyogoma kulala juu

Mwaka juzi nilinunua matetea 18 wa chotara, wa miezi minne, kwa mfugaji mmoja huku Kibaha. Wazuri, wazito, manyoya yanang'aa. Banda lilikuwa tayari na fito za kulalia nilishapigilia. Jioni ya kwanza nikaenda kuchungulia nikitegemea kuwaona wamejipanga kama abiria kwenye benchi. Wote walikuwa wamerundikana kwenye kona, chini, mmoja juu ya mwenzake. Nikajisemea kuku mgeni hakosi kamba mguuni, watazoea. Wiki tatu zikapita. Kona ile ile.

Mtu anaweza kuuliza kuna ubaya gani wakilala chini. Wakirundikana, walio chini hukosa hewa, na usiku wa joto unaweza kuamka ukakuta mmoja amekufa bila ugonjwa. Kuku hunya sana usiku, kwa hiyo anayelala chini analalia kinyesi chenye unyevu: kifua kinachafuka, miguu inaungua, na vimelea vya kuhara damu hustawi hapo hapo kwenye maranda mabichi. Halafu kuna panya, ambao hawana aibu ya kutafuna vidole vya kuku aliyelala. Wengine wangu waliona kona ina vita, wakahamia kwenye viota. Kila asubuhi nikawa naokota mayai yaliyopakwa mavi, na mayai ya namna hiyo dukani hayana bei.

Aliyenifungua macho ni bibi jirani yangu, ambaye amefuga kuku wa kienyeji tangu sijazaliwa na wake hulala juu ya mwembe. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia bandani, akatazama kimya kidogo.

"Mwanangu, hii ngazi umewawekea waende wapi?"

Nikamwambia ndipo pa kulala hapo, bibi.

"Sasa mbona viota viko juu kuliko kitanda?"

Nilibaki nimeduwaa. Kuku akitafuta pa kulala hutafuta pa juu kuliko pote anapoweza kufika. Viota vyangu vilikuwa futi tatu kutoka chini, fito futi mbili. Wale walioweza kuruka walikuwa wanafuata akili zao vizuri kabisa. Niliyekosea ni mimi.

Kosa la pili lilikuwa fito zenyewe. Kwa ubahili nilitumia mabaki ya bomba la plastiki la maji. Bomba linateleza, na lile lilikuwa jembamba mno. Kuku akichuchumaa, mishipa ya mguu huvuta vidole vikajikunja vyenyewe, ndiyo maana haanguki akiwa usingizini. Lakini vidole vinahitaji kitu cha kukamata. Niliyang'oa yote nikaweka mbao za inchi mbili kwa mbili, kingo za juu nimezipiga randa ziwe mviringo. Mirunda pia inafaa, unene wa kama sentimita tano, ila menya maganda yote. Sababu ya maganda nitaieleza, maana niliijua kwa machungu.

Fito niliziweka kimo cha goti, karibu sentimita 50, na viota nikavishusha viwe chini kuliko fito. Ukiwa na kuku wa kienyeji wepesi unaweza kupanda hadi mita moja na hawatajali, lakini chotara wazito hawa, ukiwapandisha sana, asubuhi wanaruka na kutua kwa kishindo, nyayo zinavimba. Kila mmoja nilimpa nafasi ya sentimita 25 hivi, kwa hiyo kuku 18 walihitaji fito mbili za mita mbili na nusu. Ziko sawa kwa kimo, zimeachana sentimita 40, na ukutani nimeacha 30 ili mikia isisuguliwe. Wengine hupanga kama ngazi. Mimi sipendi: wanagombania ya juu, na wa chini wananyewa. Mbele nikaweka ubao mmoja wa kukanyagia wakati wa kupanda.

Sasa kuna kazi ambayo hakuna fundi wa kukufanyia. Kuku aliyekulia sakafuni hajui fito ni nini, na hawa walikulia sakafuni. Inabidi umfundishe, na darasa ni usiku. Kuku haoni gizani, anatulia kama amelewa. Saa 1 na nusu nilikuwa naingia na tochi niliyoifunika kitambaa chekundu, nambeba mmoja mmoja, mkono chini ya kifua, nagusisha nyayo kwenye fito mpaka zikamate, ndipo namwachia taratibu. Usiku wa kwanza nilibeba wote 18, wanne wakaruka chini, nikawarudisha. Usiku wa sita nilibeba watano tu. Wa tisa, wawili. Mke wangu aliniuliza kama nawaimbia na wimbo.

Viota nilikuwa naviziba kwa gunia kuanzia saa 11 jioni na kuvifungua alfajiri. Taa nayo nilikuwa naikosea: naiwasha mpaka saa 1, halafu naizima ghafla wakati bado wanadonoa. Giza likiwakuta chini hawaoni pa kupanda, wanalala walipo. Nikaacha kabisa kuiwasha. Machweo yenyewe yanatosha kuwaambia.

Wale niliowatotolesha baadaye hawakunipa shida hata kidogo. Wakiwa na wiki tatu niliwawekea kijiti chembamba sentimita kumi tu kutoka chini, wakaanza kukichezea mchana, wakakua wanajua. Kuku wa nyama usijisumbue nao, miili yao haiwaruhusu. Na mama mwenye vifaranga mwache chini awafunike.

Miezi minne baadaye matetea walishuka tena. Nilianza kuwabeba kwa hasira, wanashuka. Usiku mmoja nikapitisha karatasi nyeupe ya chooni chini ya fito, ikatoka na madoa ya damu. Utitiri. Mchana wanajificha kwenye nyufa za mbao na chini ya maganda ya miti, usiku wanatoka kunyonya. Nani angelala kwenye kitanda hicho? Nilitoa fito zote juani, nikazimwagia maji yanayochemka, nikapaka mafuta ya taa kwenye maungio na kuziacha zikauke kabisa, maranda nikayachoma, kuku nikawapulizia dawa ya unga niliyoshauriwa na daktari wa mifugo. Baada ya siku saba nikarudia, maana mayai ya utitiri huwa yanabaki. Siku hizi fito zangu hazina misumari, zinakaa kwenye vishikizo, nazitoa kila mwezi.

Kwa hiyo kuku aliyezoea kupanda akibaki chini, kabla ya kumnyanyua mshike umtazame: nyayo, mabawa (wauzaji wengine huyakata), uzito. Mgonjwa hapandi.

Mmoja wa wale 18 bado analala juu ya pipa la pumba. Nimeshasogeza pipa mara tatu, naye anahama nalo.