"Thou hath" ni sawa na kusema "wewe ana"

Mkuu mleta mada, umeuliza kama "-est" na "-eth" za Kiingereza cha zamani ni mapambo tu, mtu abandike popote ili maneno yapate harufu ya kale. Hapana, na hilo mimi nililijua kwa aibu.

Miaka ya nyuma kanisani kwetu tulikuwa tunamuaga mchungaji anayestaafu. Nikapewa kazi ya kutunga maneno ya Kiingereza ya kuchongwa kwenye kibao. Nikajitutumua: "Thou hath served us, we thanketh thee." Fundi akachonga, akalipwa. Siku ya kukabidhi, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akanivuta pembeni: "Mwanangu, unaweza kusema 'wewe ametutumikia, sisi anakushukuru'?" Nikacheka. Akaniambia, "Basi ndivyo ulivyoandika."

Tangu siku ile sijakosea, maana alinipeleka mahali ambapo Mswahili hapotei: upatanisho wa nafsi. Kwetu kiambishi kinatangulia, u- ya wewe na a- ya yeye. Wao walikiweka mkiani: "-est" au "-st" ni wewe, "-eth" ni yeye. "Thou lovest" ni unapenda, "he loveth" ni anapenda. "I" na "we" wakati huo hazikuwa na mkia wowote. Vitenzi vya kila siku vina maumbo yake ya kukariri: thou art, hast, dost, wilt, shalt, canst. "Must" haiguswi, ni "thou must" basi. Mkia wa wewe huingia hata wakati uliopita, "thou didst", "thou camest", ilhali yeye hubaki "he came". Amri haina mkia, kama vile sisi tunavyosema "soma" bila u-.

"Thou" na "thee" wengi huzichanganya. Mimi hutumia kipimo hiki: palipo na u- ni "thou", palipo na -ku- ni "thee". Unanipenda, thou, nakupenda, thee. Wingi ulikuwa "ye" kwa mtenda na "you" kwa mtendwa.

Ukitaka kuona faida yake, fungua Yohana 3:7 katika Biblia ya Kiingereza ya 1611: "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again." Yesu anaongea na Nikodemo peke yake, lakini sharti ni la watu wote. Kiingereza cha leo kina "you" pande zote mbili, msomaji hawezi kujua. Biblia yetu haikupoteza kitu: "nilikuambia", kisha "hamna budi". (Sisi hata hatujui kama tuna utajiri huo.)

Sasa lile la heshima. Mchangiaji mmoja hapo juu kasema "thou" ni ya heshima kwa kuwa inatumika kwenye sala. Ni kinyume kabisa. Tangu karne ya 13 Waingereza, kwa kufuata Kifaransa, walianza kumwambia mkubwa "you" ya wingi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma "tu" (wewe) na "vous" (ninyi) wanaelewa. "Thou" ikabaki ya mtoto, mtumishi, rafiki wa karibu, au mtu unayemdharau. Mwaka 1603, Walter Raleigh, baharia mashuhuri wa Kiingereza, aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria wa mfalme, Edward Coke, alimfokea mahakamani: "I thou thee, thou traitor!" Yaani hata heshima ya "you" hustahili. Mungu aliambiwa "thou" kwa sababu ni mmoja tena ni wa karibu, kama sisi tunavyosema "Baba yetu uliye mbinguni", si "mliye".

Kibao kilitakiwa kisome "Thou hast served us, we thank thee." Bado kimetundikwa sebuleni kwa mchungaji, na kila nikienda kumsalimia natafuta kiti kinachokipa mgongo.