Nionyesheni likipanda mlima

Mmeuliza wiki hii: kati ya wajasiriamali wa teknolojia, nani mtendaji na nani mpiga domo? Hilo "nani" ndilo linalotupoteza, maana mtu mmoja aweza kuwa yote mawili. Mimi nauliza: tulichoonyeshwa kilithibitisha nini?

Chukueni lori la Nikola, kampuni ya Marekani ya malori ya umeme na hidrojeni. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Trevor Milton, alilizindua akidai linafanya kazi kikamilifu. Januari 2018 ikatoka video, lori linakata barabara ya jangwani, raha tupu. Kumbe lilikokotwa hadi juu ya mteremko huko Utah, breki zikaachiwa, likashuka lenyewe. Mlango ulibandikwa kwa selotepu usidondoke. Kampuni ilipobanwa mwaka 2020 ikajitetea kwamba haikuwahi kusema lori linakwenda kwa nguvu zake. Ilisema tu liko mwendoni. Na kweli, lilikuwa mwendoni!

Hesabu yenyewe si ngumu. Mteremko wa asilimia 3 hushuka mita 3 kwa kila mita 100, na kwenye video huonekana tambarare, hasa kamera ikiinamishwa kidogo. Matairi ya lori kwenye lami nzuri hukinza mwendo kwa nguvu isiyofika asilimia 1 ya uzito wake. Sehemu kubwa ya inayobaki inasukuma mbele: ndani ya dakika mbili lori tupu limeshavuka kilomita 60 kwa saa, bila umeme hata chembe.

Sasa ligeuzeni. Lipande mteremko uleule na tela lenye shehena, jumla tani 36, kwa kilomita 80 kwa saa. Hapo magurudumu yanadai takriban kilowati 300 mfululizo, na betri, nyaya na mfumo wa kupooza vyote vinapata joto la kweli. Kilowati 300 hazibandikwi kwa selotepu. Kwa hiyo daini hivi: lipimwe kwenye mizani kwanza, lipande, video isikatwe, na betri isomwe kabla na baada.

Nilitaka kuishia hapo na kuihukumu kampuni nzima, lakini haki haki. Milton alishaondoka, na Oktoba 2022 akatiwa hatiani kwa ulaghai (mwaka 2025 Rais Trump akamsamehe). Waliobaki wakaunda malori halisi, yakafika kwa wateja. Agosti 2023 yale ya betri, 209, yaliitwa yarudi yote kwa sababu ya maji ya kupooza kuvuja ndani ya betri, kukawa na hatari ya moto. Aibu, ndiyo, ila kitu kisichokuwepo hakivuji. Februari 2025 kampuni ikaomba kufilisiwa.

Na fedha za kuyaunda malori hayo? Kwa sehemu kubwa zililetwa na domo lile lile. Nakiri hilo shingo upande. Basi anayesema "litatembea" simlaumu, ni ndoto yake. Anayesema "linatembea" ndiye wa kupelekwa mlimani. Ila kwenye programu za kompyuta, zisizo na uzito wala mteremko, kipimo changu hakifui dafu.